Erica na Mwenzake

Gasper aliponzwa na adabu. Wengine huponzwa na ulevi, wengine na ulimi, na mjomba wake wa Simbo aliponzwa na mbuzi wa jirani. Lakini Gasper, akiwa mikononi mwa watu wenye bunduki, huko jangwani ambako hata mbu hafiki, aliponzwa na kumwamkia mama yake.

Ilikuwa hivi. Kampuni moja ya kuchimba visima ilikuwa imempeleka nchi ya mbali, ya mchanga na joto, akafanye kazi ya ufundi pampu. Siku moja gari la kampuni likasimamishwa njiani na watu waliojifunga vilemba usoni, na waliokuwamo wakachukuliwa. Baada ya wiki tatu watekaji wakatoa video ya nusu dakika. Kwanza alionekana Erica, mhandisi, binti wa Dar es Salaam, akisema kwa Kiswahili kilichonyooka: "Naitwa Erica, mimi ni Mtanzania, naomba serikali yangu itusaidie." Kisha kamera ikahamia kwa mwanamume mwenye ndevu za siku nyingi, na huyo ndiye Gasper Ntiruhungwa wa Rusimbi, Kigoma. Badala ya kusema anaitwa nani na anatoka wapi, Gasper aliwaza kwamba mama yake ataiona video ile, na mtu hawezi kuanza kuongea mbele ya mama bila salamu. Akasema: "Mama, mwakeye."

Hapo ikakatwa. Hata watekaji, kumbe, wana wahariri wao.

Kwa Muha yeyote, mwakeye ni salamu ya asubuhi, basi. Kwa mhariri wa Dar es Salaam, aliyesikia Kirundi kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu, ilikuwa ushahidi. Taarifa ya habari ya saa mbili ikasema kwamba Mtanzania Erica anashikiliwa mateka pamoja na mwenzake anayesadikiwa kuwa raia wa nchi jirani.

Restituta, dada mkubwa wa Gasper, mwuza mawese, alikuwa ameshika sahani ya ugali wa muhogo.

"Nchi jirani ipi?" akaiuliza televisheni. Televisheni ikaingia kwenye mpira.

Kinachochekesha, kama una moyo wa kucheka, ni kwamba redio za ng'ambo ya mpaka, ambazo mwaloni Bangwe, zinakotua boti za uvuvi, hushika vizuri kuliko za Dar, zilitangaza kwamba waliotekwa ni Watanzania wawili. Kwa hiyo Gasper alikuwa Mrundi Dar es Salaam na Mtanzania Bujumbura. Kwao hasa, ukifuata habari, palikuwa katikati ya ziwa, penye kina kirefu.

Restituta angecheka na yeye, maana ni mwanamke wa kucheka, mwenye kicheko kinachofika kituoni kabla yake. Lakini kulikuwa na bwana mmoja wa kampuni. Kila Jumatatu alipiga simu, sauti yake ikiomba radhi hata kabla ya maneno, na Jumatatu moja akasema mazungumzo na watekaji yangeanza baada ya wiki tatu.

"Sisi tuna orodha yetu, mama. Orodha ina Mtanzania mmoja. Huyo wa pili atashughulikiwa na nchi yake."

"Nchi yake ni hii! Nina cheti cha kuzaliwa, nina kadi ya kupigia kura, nina cheti cha kipaimara! Unataka na kitovu chake nikakifukue?"

"Mimi naandika kinachosemwa, mama. Hati zako nimezipeleka, zinahakikiwa. Ila nikwambie kama ndugu." Akashusha sauti. "Wale wanamtoa anayeulizwa. Asiyeulizwa hubaki."

Restituta alikata simu akakaa juu ya dumu la mawese. Aliogopa. Alikuwa amemlea Gasper mgongoni, na sasa alielewa kwamba mdogo wake angeweza kuachwa mchangani kwa sababu tu hakuna aliyemtaja. Zilibaki wiki tatu za kumfanya atajwe.

Erica alitajwa. Loo, alitajwa! Ilionyeshwa picha yake ya mahafali, ile kofia imekaa upande. Wakaonyeshwa walimu wake, kwaya yake, na fundi aliyemshonea gauni la mahafali. Mama yake, Mama Catherine, alilia mbele ya kamera kwa namna ambayo nchi nzima ililia naye, na Restituta pia, huku akipangusa machozi kwa ncha ya kanga. Hakuwa na kinyongo na Erica hata chembe. Alimwombea kila Jumapili kwa jina, na jina alikuwa nalo, ndiyo maana aliweza.

Kilichompandisha wazimu ni paka. Jioni moja taarifa ya habari ilitumia dakika tatu kuonyesha paka wa Erica, aliyekataa kula tangu mwenyewe atekwe. Paka alikuwa wa rangi ya chungwa, amenona, na kwa kweli hakuonekana kama mtu aliyekosa chakula.

"Paka huyu anayeitwa Pilau," alisema mtangazaji kwa huzuni.

Restituta akasimama. "Paka ana jina! Mama, umesikia? Paka anaitwa Pilau, na mwanao anaitwa Mwenzake!"

Mama Melania, mama yao, aliyekuwa akichambua dagaa, aliinua kichwa. "Mpe pole huyo paka," akasema.

Kesho yake asubuhi Restituta aliweka bando, akapiga simu chumba cha habari cha kile kituo kikubwa. Alirushwa kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine mpaka akampata mhariri mmoja, Agnesi. Huyo alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililoudhi, kwa sababu mtu mwema huwezi kumtukana.

"Dada Restituta, nikueleze ukweli," alisema Agnesi. "Sisi hatuchagui nani ana uchungu zaidi. Habari ina mambo yake. Inataka sura, inataka sauti, inataka mtu wa karibu. Kwa Mama Catherine ni dakika ishirini kutoka studio. Huko kwenu kutuma wapigapicha ni safari ya siku mbili, ni..."

"Mwisho wa reli. Sema tu."

"Sikusema mimi."

"Reli ina ncha mbili, mwanangu. Sisi huku tunaita mwanzo."

Agnesi akacheka, kisha akaomba picha ya Gasper, nzuri, inayoonyesha uso. Hapo ndipo Restituta alipogundua jambo la ajabu. Alipindua nyumba nzima. Kwenye harusi ya binamu yao Feliksi, Gasper alikuwa amesimama nyuma ya kreti la soda, na kilichoonekana ni paji la uso. Siku ya kipaimara, mkono wa askofu ulikuwa umemfunika uso kuanzia nyusi hadi kidevu. Ile ya mwaloni, walipovua kuhe mkubwa kama mtoto wa miaka mitatu, samaki alitoka vizuri sana. Picha pekee iliyoonyesha uso mzima ilikuwa ya kitambulisho, na macho ameyafumba. Tangu azaliwe, mtu huyu alikuwa akipigwa picha kama mwenzake wa kitu fulani.

Akaituma ya macho yaliyofumbwa. Agnesi akajibu kwa upole kwamba watazamaji wangedhani amekwisha kufa.

Basi wakakubaliana wamhoji mama kwa simu. Dakika nne zilitengwa. Mtangazaji akauliza, kwa ile sauti yao laini, "Mama, unajisikiaje?" Mama Melania hakuzaliwa jana, mtu hajibu swali kabla ya salamu. Akamuuliza mtangazaji ameamkaje, na wa nyumbani kwake wameamkaje, na wazazi wake wako hai, na baba yule anasumbuliwa na nini, miguu? Akandwe kwa mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, yanasaidia. Na mvua huko zimenyesha? Alipofika mahali pa kusema "ego, ndiyo, sasa mwanangu Gasper," tangazo la sabuni lilikuwa limeanza.

Zilibaki siku tisa. Restituta alishindwa kula kama yule paka, ila yeye kweli.

Aliyemfufua ni Crispin. Huyu Crispin alikuwa Mnyamwezi wa Urambo aliyeletwa na kazi Kigoma, mtangazaji wa kituo kidogo cha mjini ambacho watu walikiita Redio Mgebuka, kwa kuwa kama samaki yule, kilikuwa kizuri asubuhi tu. Mchana umeme ukilegea hakifai. Yeye alimtaja Gasper kila siku bila kuombwa. Tatizo mawimbi yake yalifika Simbo, nje kidogo ya mji, yakachoka.

Alikuja kununua mawese, na kama kawaida hakusalimia kama watu.

"Waha wangapi leo wamejifunza kuvaa viatu?"

"Wanyamwezi wangapi wamekumbuka kutua mizigo kichwani?" alijibu Restituta, lakini bila nguvu. Kati ya Muha na Mnyamwezi huo ndio utani, nao hauna kosa wala kesi. Msiba ukitokea kwa Muha, Mnyamwezi ana haki ya kulala ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka apewe kuku. Akifa Mnyamwezi, Muha hulishika jeneza njiani, na maiti hapiti mpaka mtani aridhike. Anayekasirika ndiye mwenye makosa.

Crispin alipoona utani haukolei, akaanza kusimulia habari ili kumchangamsha. Ijumaa, alisema, yule Jonathan wa kipindi cha asubuhi, wa kituo kikubwa, anakuja Bangwe kula migebuka mbashara. Mfadhili wa kipindi ni watu wa viungo vya chakula. "Nchi nzima itamwona Mnyamwezi mwenzangu akijichoma midomo."

Restituta aliweka chini faneli ya mawese.

"Jonathan ni Mnyamwezi?"

"Wa Sikonge, halisi. Baba yake na..."

"Kwa hiyo ni mtani wangu."

Crispin alimtazama. Aliona kitu kikianza kwenye pembe ya mdomo wa mwanamke yule, kikapanda mashavuni, kikafika machoni. "Mama Restituta," akasema taratibu, "unawaza nini?"

"Maiti hapitishwi bila mtani kuridhika, sivyo?"

"Jonathan si maiti."

"Hapana. Atafaa zaidi."

Ijumaa jua lilichomoza juu ya Bangwe kama limealikwa. Boti za usiku zilikuwa zimerudi, dagaa wametandazwa mchangani, na kina mama wameshika makarai. Jonathan alikuwa kijana mtanashati mwenye viatu vyeupe ambavyo mchanga wa Bangwe ulivitazama kwa tamaa. Mpigapicha wake, Bariki, alisimama na kamera begani. Saa moja na nusu wakaingia hewani. Jonathan akashika mgebuka wa moto, akapuliza, akasema "Watazamaji, hii ndiyo Kigoma," na kabla hajauma, kanga ya Restituta ilikuwa imemzunguka kiwiliwili mara mbili pamoja na mikono yake na samaki wake.

"Shikamoo ya Kinyamwezi haina kazi hapa," Restituta akasema. "Mtani, umetekwa."

Wanawake sita wa kikundi cha mawese, wote wa mwili wa kutosha, wakamkalisha juu ya dumu lililopinduliwa. Umati ukalipuka. Jonathan alifungua mdomo, akamtazama yule mama, akatazama kanga, na damu ya Sikonge ikamkumbusha.

"Wewe Muha?" aliuliza.

"Tangu kwa babu."

"Yoyoyo! Nimekwisha!" Akaanza kucheka, mgebuka ungali mkononi. Angefanya nini? Akikasirika, hata bibi yake marehemu angemcheka kaburini.

Ila studio huko Dar es Salaam zamu ile hapakuwa na mtu wa kuwaeleza utani. Walichoona ni mtangazaji wao amefungwa, amezungukwa, anapiga kelele. Bariki hakushusha kamera, Mungu ambariki. Chini ya kioo yakapita maandishi mekundu: MTANGAZAJI WETU ATEKWA KIGOMA. Vituo vingine vikanakili. Simu za watu pale mwaloni zikaanza kulia zote kwa pamoja.

Askari mmoja akaja mbio, kofia mkononi. Akatazama, akavuta pumzi. "Hii ni kesi au utani?"

"Utani!" mwalo mzima ukajibu.

"Basi mmalize kabla ya saa tatu, mnaziba njia." Akajipatia dagaa wachache akaondoka.

Mtu akamwonyesha Restituta simu. Tayari kulikuwa na picha ya Jonathan ya utotoni, na picha ya Jonathan na mchumba wake. Mwalimu wake wa darasa la nne alikuwa hewani akieleza kwamba Jonathan alipenda hesabu tangu mdogo. Restituta aliangalia saa. Akacheka mpaka akashika magoti, akacheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakukubali kurudi.

"Dakika kumi na moja," akasema mbele ya kamera. "Mtani wangu ametekwa dakika kumi na moja, na mwalimu wake amekwisha kupatikana. Mdogo wangu ana siku hamsini na sita."

Jonathan akaacha kucheka. "Mdogo wako nani, mama?"

"Hicho ndicho kikomboleo changu. Taja jina lake vizuri, nchi isikie, nikufungue. Gasper Ntiruhungwa."

"Gasper Nti... Ntilu..."

"Ru!" wakasema watu.

"Ntiru... ngungwa."

"Hungwa!"

"Mama, jina gani hili, maana yake nini?"

"Maana yake nitakwambia akirudi." Maana yake ni kwamba kifo hakikimbiwi, na Restituta hakuona kuwa siku ile ilihitaji tafsiri.

Wakamfundisha kipande kwa kipande, kama mtoto anavyofundishwa kutembea. Kila alipokosea wanawake waliongeza fundo moja kwenye kanga. Mara ya saba likatoka zima: Gasper Ntiruhungwa. Mwalo ukapiga vigelegele hata makarai yakatikisika. Lakini Jonathan alikuwa mwanahabari, na mwanahabari hata akifungwa kanga huuliza.

"Si tuliambiwa ni raia wa nchi jirani? Tumesikia lugha yake kwenye video."

"Alimwamkia mama yake. Wewe ukimwona mama yako unamtajia uraia?" Restituta akamwinamia. "Mtani, nimekufunga kwa haki gani?"

"Ya utani."

"Wa nani na nani?"

"Muha na Mnyamwezi."

"Mrundi akikufunga?"

Jonathan akafikiri. "Nitaita polisi."

"Umewaita?"

"Sikuwaita."

"Basi mdogo wangu ni Mtanzania. Ushahidi umeukalia."

Nchi ikacheka siku ile yote. Watu wakajirekodi wakijaribu jina: madereva wa malori, masista, bibi harusi mmoja aliyevaa shela. Wasukuma walilivunja, Wachaga waliliongezea silabi, na mwalimu mmoja wa Lindi akalifanya wimbo. Asubuhi watu walianza kuambiana "mwakeye" hata mahali ambapo hakuna Muha. Ile picha ya macho yaliyofumbwa ikawa kila mahali, walisema anasali. Jumatatu yule bwana wa kampuni akapiga simu, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuomba radhi.

"Mama, uhakiki umekamilika, orodha imerekebishwa. Watanzania wawili. Hebu nitajie hilo jina herufi kwa herufi."

Restituta akalitaja herufi kwa herufi, akiwa amesimama, kama anaimba wimbo wa taifa.

Waliachiwa baada ya mwezi mmoja na siku kadhaa, wote wawili, na wote wawili wakaja Kigoma kwa treni, kwa sababu Erica alikataa kwenda popote kabla ya kumwona mama aliyeamkiwa. Tangu alfajiri stesheni ilikuwa imejaa hadi barabarani. Jonathan alikuwapo na kipaza sauti chake na viatu vyeusi safari hii. Crispin alikuwapo, akitangaza na kulia. Na juu ya mlango wa stesheni kilining'inia kitambaa kirefu alichokiandika Martini, mchora mabango wa mtaa wa Mwanga, kwa maneno ya Restituta mwenyewe, aliyeyatunga usiku kucha akijichekea: KARIBUNI NYUMBANI GASPER NA MWENZAKE.

Huo ulikuwa mzaha wake wa mwisho, na aliustahili.

Gasper alishuka amekonda, ndevu amenyoa. Mama Melania akamshika mikono yote miwili, akaanza: mwakeye, umeamkaje, mwili, miguu, safari. Dakika zilipita, mbashara, na safari hii hakuna studio iliyothubutu kuweka tangazo. Restituta alimkumbatia mdogo wake kwa nyuma kwa sababu mbele palikuwa pamejaa. Erica akainua macho, akasoma kitambaa, akaangua kicheko hata akashika nguzo. "Mwenzake ndiye mimi! Mama, mwenzake ndiye mimi!" Restituta akapiga kofi la furaha, akasema Pilau apelekewe salamu.

Gasper naye akasoma. Hakucheka. Uso wake ulifunguka kwa namna nyingine, na akaanza kutazama juu ya vichwa vya watu, huku na huku, akigeuka kutafuta mtu.

"Yuko wapi?" akauliza. "Dada, mmempata vipi? Amefika lini?"

"Nani?"

"Mwenzangu. Si mmeandika? Isufu."

Kicheko cha Erica kikakatika. Akatazama chini.

"Isufu nani?" Restituta aliuliza.

"Dereva wetu. Tulikuwa watatu garini. Yeye ni wa kulekule jangwani." Gasper aliendelea kutafuta kwa macho, asiamini. "Siku tunatoka alibaki. Walisema hakuna aliyemuuliza. Dada, shati hili ni lake."

Restituta alikuwa ameitazama ile video mara mia mbili, labda zaidi. Alijua kila unywele wa ndevu za Gasper. Na alijua, sasa alikumbuka kwamba alijua siku zote, kuwa pembeni kabisa ya picha, kabla haijakatwa, kulikuwa na bega la mtu. Aliona bega lile mara mia mbili na hata mara moja hakujiuliza ni la nani. Taarifa ya kwanza kabisa, ya siku ya utekaji, kabla ya video, ilisema watu watatu. Ya pili ikasema Erica na mwenzake, naye akaacha kuhesabu hapohapo, kwa kuwa wake alikuwa amempata. Aliona aibu, aibu ya moto, pale pale chini ya maneno yake mwenyewe yenye herufi kubwa za bluu.

Jonathan, ambaye hakuwa amesikia lolote kwa kelele za tarumbeta, akajipenyeza na kipaza sauti. "Mama Restituta, nchi nzima inakutazama. Unajisikiaje?"

Restituta alikuwa amemgeukia Gasper. "Isufu nani? Jina la baba."

"Garba. Isufu Garba."

"Taja herufi kwa herufi."

Gasper akataja. Restituta akazirudia kwa midomo tu, mara mbili, mpaka zikakaa. Kisha akaanza kufungua kanga kiunoni.

Jonathan akarudi nyuma hatua moja. Sasa alikuwa amesikia. "Mama, subiri. Huyo si Mtanzania."

"Hata Gasper hakuwa," alisema Restituta. "Kaa chini, mtani."

Jonathan akatazama kitambaa juu ya mlango. Akampa Bariki ishara asishushe kamera, akatafuta mahali pa kukaa.